Taa ya Mpita Njia

(Mazungumzo yaliyotolewa redioni katika kipindi cha ibada)

 

Sisi tunaotoka Kola, huku Machakos, ni watu wa milima. Mashamba yetu yamekatwa matuta ubavuni mwa vilima, na maji tunayoyafahamu ni ya mto wa mchanga. Wakati wa kiangazi mtu huuvuka mto huo bila kulowanisha viatu. Mvua ikinyesha kutwa moja huko juu, mtu yule yule husimama ng'ambo akiitazama nyumba yake na asiweze kuifikia. Meli hatuna. Habari za minara ya taa inayoongoza meli tulizisoma shuleni, tukazijibu katika mtihani, tukazisahau.

Basi ulipofika mwezi wa Agosti, mwaka mmoja si mbali sana, washirika ishirini na wanane wa kanisa letu tulifunga safari kwenda Unguja. Wengi walikuwa wa Umoja wa Akina Mama, pamoja na wazee wa kanisa watatu na vijana wachache wa kubeba mizigo. Tulipita Mombasa, tukavuka mpaka pale Lungalunga, tukalala Tanga, na kesho yake tukafika Dar es Salaam na kupanda meli. Nia yetu ilikuwa moja tu: kuliona kanisa la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa.

Soko lile lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ile. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale pale. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, ambaye alifanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1882, akazikwa ndani ya kanisa hilo, nyuma ya madhabahu. Tuliabudu humo siku ya Jumapili, na akina mama kadhaa walilia. Nasi hatukuwakataza, kwa maana katika nchi yetu ya Ukambani pia misafara ile ilipita.

Lakini, ndugu msikilizaji, leo hatutaki kusema habari za Mkunazini. Tunataka kusema habari za minara miwili ya taa, ambayo hatukuwa tumekwenda kuitazama.

Siku ya Jumatatu tuliteremka pwani, upande wa Forodhani. Hapo pana jumba kubwa liitwalo Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Tulilikuta limezungushiwa uzio, na sehemu yake moja imebomoka. Kijana aliyekuwa akituongoza alitueleza kwamba zamani, mbele ya majumba ya Sultani, karibu na bahari, palisimama mnara mrefu wa taa. Ulikuwa na taa nyingi mno juu yake. Usiku ulimeremeta hata mabaharia wa Kiingereza wakaupa jina la utani, wakauita mti wa Krismasi wa Sultani.

Mzee mmoja wetu akauliza, "Na sasa uko wapi?"

Kijana akajibu, "Haupo, mzee. Mmesimama mahali pake."

Habari yake ni hii. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia jumbani na kujitangaza kuwa Sultani. Waingereza hawakumtaka. Wakampa muda: awe ametoka ifikapo saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Hakutoka. Saa tatu ilipofika, meli za kivita zilizokuwa bandarini zikaanza kupiga mizinga. Vita hivyo havikutimiza hata saa moja. Watu husema ndivyo vifupi kuliko vyote katika historia ya dunia. Hata hivyo, katika muda huo mfupi, watu wapatao 500 wa upande wa Sultani waliuawa au kujeruhiwa. Majumba yakabomoka, na mnara ule wa taa ukaharibiwa, kisha ukaondolewa kabisa.

Mwaka uliofuata, 1897, Nyumba ya Maajabu ikajengewa mnara mwingine wenye saa. Huo nao ulidumu miaka mia moja na zaidi. Siku ya Krismasi ya mwaka 2020, wakati jumba likifanyiwa matengenezo, sehemu ya jumba ikaporomoka pamoja na mnara huo, na mafundi wawili wakapoteza maisha yao.

Tulisimama pale kimya. Mzee yule akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe hata mnara hufa."

Naam, minara hufa. Mnara wa taa uliosifika kuliko yote ulimwenguni ulikuwa huku huku Afrika, katika mji wa Aleksandria kule Misri. Ulijengwa yapata mwaka 280 kabla ya kuzaliwa Kristo, na urefu wake ulizidi mita 100. Ukasimama zaidi ya miaka elfu moja. Kisha matetemeko ya nchi yakautikisa mara kwa mara hata ukaanguka, na katika karne ya 15 Sultani Qaitbay akajenga ngome mahali pale, akitumia na mawe yake. Leo msafiri huiona ngome. Mnara hauoni.

Hatusemi kwamba mnara wa Sultani haukuwafaa mabaharia. Bila shaka wako waliouona kutoka mbali wakamshukuru Mungu kwamba wamefika. Lakini ulisimama mlangoni pa enzi, ukawa pambo la enzi. Na enzi ilipopigwa, nao ukapigwa. Taa ikiwa ni fahari ya mwenye nyumba, siku ya mwenye nyumba kuanguka taa nayo huzimika.

Siku ya pili yake tulipata nafasi, baadhi yetu, ya kupanda mashua na kwenda kisiwa cha Chumbe. Ni kisiwa kidogo kusini ya mji, kiasi cha kilomita 12, kimezungukwa na matumbawe, na tangu mwaka 1994 kimehifadhiwa kwa sheria. Baadhi ya walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi wa vijiji vya karibu, waliofunzwa kuyatunza matumbawe yale yale waliyokuwa wakivua juu yake. Msituni mna kaa wakubwa wa minazi, ambao akina mama wa Kola walipowaona walirudi nyuma hatua tatu na kukataa kuendelea mpaka walipohakikishiwa usalama wao.

Katika kisiwa hicho umo mnara wa taa uliojengwa na Waingereza mwaka 1904. Chini yake pana msikiti mdogo wa zamani, na nyumba aliyokaa mtunza taa. Nyumba ile ilikwisha kuwa gofu kabla ya kujengwa upya ipokee wageni. Mwaka 1926 taa ikageuzwa iwake kwa gesi. Mnara wenyewe bado umesimama. Una ngazi zaidi ya mia moja za kuzunguka zunguka, nasi tulizipanda, tukipumzika kila mara, mpaka tukatokea juu. Tukaiona bahari pande zote, na meli moja ikipita mbali kwenda Dar es Salaam.

Hapo juu tulikumbuka kazi ya watunza taa wa zama zile za mafuta, popote walipokuwa duniani. Kila jioni mtunzaji alipanda ngazi zake akiwa amebeba mafuta. Alikata utambi uliochakaa, akasafisha vioo vilivyoingia moshi na chumvi, akawasha, kisha akakesha ili taa isizimike. Kulipokucha alizima, akashuka. Jioni akapanda tena. Hapakuwa na mtu wa kumpigia makofi. Na angalieni jambo hili, wapendwa: meli iliyopita salama haisimami kushukuru. Inapita tu. Mtunza taa hupata habari za meli iliyovunjika mwambani, lakini za zile mia zilizookoka kwa ajili ya taa yake, hapati hata moja.

Tulipofikia neno hilo moyoni, tulinyamaza. Wenzetu walidhani tumechoka na ngazi. Haikuwa hivyo. Tulikuwa tumeikumbuka taa nyingine, iliyo nyumbani kwetu Kola. Na habari yake inatubidi tuiseme leo, ingawa haitupi sifa.

Nyumba ya mchungaji kwetu imejengwa juu kidogo ya njia inayoteremka kwenda mtoni. Stima ilipoletwa, tuliweka taa kwenye pembe ya ukuta wa nje, upande wa njia. Nia yetu ilikuwa kumwona mwizi. Taa hiyo iliwaka usiku kucha kwa miaka mingi, wala hatukuwahi kufikiri kwamba ina kazi nyingine.

Kisha maisha yakapanda bei. Tulipokuwa tukinunua tokeni za stima tuliona zinakwisha upesi, tukaketi na jamaa yetu tukatafuta la kupunguza. Tukasema: hiyo taa ya nje yawaka bure, mbwa tunaye, na tulale na taa imezimwa. Tangu siku hiyo tukaizima kila siku saa mbili usiku. Hakuna mtu aliyelalamika. Wiki mbili zikapita, nasi tukajisifu kwa kuweka akiba.

Ilikuwa mwezi wa Novemba, mwaka uliotangulia safari yetu, na mvua ilikuwa imenyesha. Mama mmoja mzee wa kanisa letu, ambaye kwa Kikamba sote humwita Susu, yaani nyanya, alikuwa amekwenda kumtazama binti yake mgonjwa. Matatu ikamshusha usiku, akateremka ile njia peke yake. Pale mtoni kuna mawe ya kuvukia. Akayakosa. Akaanguka, akavunjika mfupa wa paja, akalala ukingoni mpaka alfajiri, vijana wanaopeleka maziwa walipomkuta. Tunamshukuru Mungu kwamba usiku ule maji hayakuongezeka.

Tulikwenda kumtazama hospitalini. Tulikwenda kama wachungaji wanavyokwenda, na Biblia mkononi, tukiwa tumeandaa maneno ya kumfariji. Tulipoketi karibu naye, akatushika mkono akatuuliza, "Vasita, nyumbani ni wazima?"

Tukamjibu kwamba sote tu wazima.

Akasema, "Bwana asifiwe. Niliogopa kwamba mna ugonjwa au msiba. Mimi nikishuka kwenye matatu huitafuta taa yako. Ikiwa mkono wangu wa kulia, najua mawe yako mbele yangu. Usiku ule niliitafuta sikuiona. Nikasema moyoni, kwa Vasita kuna neno. Basi nikawa natembea nikiwaombea, ndipo nikaanguka."

Ndugu msikilizaji, hatukusoma somo tulilokuwa tumeandaa. Tulipotoka chuo cha theolojia tulikuwa tumefundishwa la kumwambia mtu anayeteseka. Hatukufundishwa la kumwambia mtu aliyevunjika mguu akituombea sisi, kwa sababu ya taa tuliyoizima sisi wenyewe. Tulimwambia ukweli. Tukamwambia, "Susu, hatukuwa wagonjwa. Tuliizima tupunguze gharama." Akanyamaza kidogo, akatazama dirishani, kisha akasema, "Haya. Ni taa yenu."

Maneno hayo matatu yametufuata mpaka leo. Ni taa yenu. Hakuyasema kwa hasira. Lakini je, ilikuwa yetu? Ukuta ulikuwa wa kanisa, tokeni tulinunua sisi, swichi ilikuwa ndani ya nyumba yetu. Mwanga, hata hivyo, ulikuwa umekwisha kutoka kwetu zamani na kuwa wa watu wa njiani. Tuliporudi nyumbani tukapiga hesabu: stima iliyokuwa ikiliwa na taa ile kwa mwezi mzima haikufika bei ya kilo mbili za sukari.

Bwana wetu alipofundisha mlimani, katika Injili ya Mathayo sura ya 5, alisema kwamba hakuna awashaye taa na kuificha. Huiweka mahali pa juu ili iwaangazie wote waliomo. Mara nyingi tunalisoma neno hilo tukiiwaza taa: uzuri wake, nguvu yake, jinsi watakavyotuona. Lakini Bwana anatuelekeza kwa wale wanaoangaziwa. Na matendo mema yakionekana, sifa haimwendei mwenye taa, bali Baba aliye mbinguni.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22 mstari wa 8, iko sheria moja ambayo wahubiri huiruka. Mungu anamwamuru mtu ajengaye nyumba mpya aizungushie dari yake ukingo, asije mtu akaanguka kutoka juu, na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Sheria hii haimwulizi mwenye nyumba kama alikusudia mabaya. Inamwuliza kama alimfikiri mtu mwingine. Na sisi hatukukusudia mabaya, hatukumfikiri mtu. Na tena katika Mambo ya Walawi, sura ya 24, Haruni anaamriwa aitengeneze taa ya hema ya kukutania iwake toka jioni hata asubuhi, daima. Haikusemwa aiwashe siku za sikukuu, au siku watu watakapokuja kumpongeza.

Sasa, mpendwa, tukuulize wewe. Taa yako ni ipi? Usiseme huna. Pengine wewe ni mwalimu, na kila jioni hubaki darasani nusu saa na watoto wasio na mahali pa kusomea. Pengine ni mama ambaye kila Jumapili huketi kwenye benchi lile lile, na mtu fulani akiingia kanisani na mzigo wake hutazama kwanza kama upo. Pengine ni mwenye duka ambaye huwauliza wazee habari zao kabla ya kuwapimia unga. Pengine ni mtu wa kumwombea jirani yako asiyejua kwamba waomba. Umeifanya kazi hiyo miaka mingi, hakuna aliyekushukuru, nawe mwaka huu umechoka. Umeketi ukapiga hesabu, ukaona kwamba yawaka bure.

Tunakusihi katika Kristo, kabla hujaizima, kumbuka mto wetu. Wanaoitazama taa yako hawakuambii. Wengi wao hata hawajui kwamba wanaitazama, mpaka usiku wanapoitafuta wasiione.

Na kama umekwisha kuizima, kama sisi? Hatutakudanganya kwamba kuiwasha tena huponya kila kitu. Susu sasa hutembea kwa mkongojo. Hawezi tena kuvuka mto, nasi humpelekea Meza ya Bwana nyumbani kwake. Mguu wake haukurudi kama ulivyokuwa. Lakini siku ile ile tulipotoka hospitalini tuliiwasha taa, na haijazimwa kwa hiari yetu tangu hapo. Stima ikikatika, vijana wa kanisa hutundika kandili. Wazee nao walipaka mawe ya kuvukia chokaa nyeupe, wakafunga na kamba ya kushikilia upande mmoja. Gharama haikuwa kubwa. Ilitupasa tu kumfikiri mtu mwingine.

Mara ya kwanza tulipompelekea Susu Ushirika Mtakatifu, tulipomaliza alituuliza jambo moja. Aliuliza, "Vasita, inawaka?" Tukamjibu, "Inawaka, Susu." Akasema, "Basi mwiacheni. Kuna watoto wa shule wanaopita alfajiri."

Minara ya Masultani imeanguka, na wa Aleksandria umekuwa mawe ya ngome. Hata wa Chumbe siku moja utaanguka, na taa yetu ya Kola itaungua. Iko Nuru moja tu ambayo giza halikuishinda, nayo ilikuja duniani, ikashuka mpaka kwenye njia zetu za mawe, kwa ajili ya wapita njia. Yeye hakuihesabu gharama yake. Sisi tulioangaziwa naye tunaombwa kidogo tu: tusiuzime mwanga aliotuachia kwa ajili ya mwingine.

Tuombe.

Ee Baba wa nuru, utusamehe taa tulizozizima kwa sababu hatukumwona anayezihitaji. Uwalinde usiku huu wote walio njiani, majini na nchi kavu. Uwatie nguvu wale wanaokesha bila kushukuriwa: wauguzi, walinzi, mama wanyonyeshao, na wanaowatunza wagonjwa. Utufundishe kufikiri habari za mtu mwingine kabla hatujapiga hesabu zetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.